Namna ya Kufuatilia Ukoo wa Tabibu wa Mashambani Aliyefungisha Ndoa katika Marekani ya Awali

Anayetafiti ukoo wa Kimarekani wa karne ya 18 hukutana mapema na mstari unaomshangaza: bwana fulani na bibi fulani walifungishwa ndoa na mtu anayetajwa kuwa "Doctor", na nyuma ya jina lake pameandikwa "Esq." (kifupi cha Esquire, neno la heshima). Sisi tumezoea ndoa kufungwa kanisani, msikitini au bomani, na hapo daktari hatumtarajii. Ukweli ni kwamba udaktari haukumpa mtu haki ya kufungisha ndoa. Haki hiyo ilitoka kwenye cheo cha pili alichokuwa nacho, ama uhakimu wa amani (yaani uhakimu wa kesi ndogo za mahali) ama uchungaji, na mtafiti anayetaka kumjua tabibu huyo pamoja na wazazi, mke na watoto wake atafika mbali zaidi akikishika cheo hicho kwanza na kuuacha udaktari usubiri.

Sababu yake ni rahisi. Matabibu wengi wa mashambani wa wakati ule hawakusoma chuoni. Shule ya kwanza ya utabibu katika makoloni ilianzishwa Philadelphia mwaka 1765, na baadaye zikafuata nyingine, kama ya Harvard mwaka 1782 na ya Dartmouth mwaka 1797. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baada ya hapo, kijana alijifunza kwa kukaa nyumbani kwa tabibu mzee akiwa mwanagenzi, akisaga dawa na kufuatana naye kwa wagonjwa, kisha akaanza kazi mwenyewe bila mtihani wala leseni. Mafunzo ya namna hiyo hayakuacha alama katika ofisi yoyote ya umma. Uhakimu wa amani, kinyume chake, kwa kawaida ulitolewa kwa hati ya gavana, ukaandikwa katika kumbukumbu za baraza lake, na taarifa za ndoa zilizofungishwa kwa mamlaka hayo zilipaswa kupelekwa kwa karani wa mji au wa mahakama. Cheo kiliacha karatasi, na karatasi hizo ndizo tunazozifuata.

Anza na sheria ya mahali

Kabla ya kufungua kumbukumbu yoyote, tambua tabibu wako aliishi katika koloni au jimbo gani na sheria ya hapo ilimruhusu nani kufungisha ndoa, maana hatua zote zinazofuata zinategemea jambo hilo.

Katika New England, yaani makoloni ya kaskazini-mashariki kama Massachusetts na New Hampshire, Wapuritani (Waprotestanti wenye msimamo mkali waliotoka Uingereza) waliiona ndoa kuwa mkataba wa kiraia. Ndoa ya kwanza ya walowezi wa Plymouth, ya Edward Winslow na Susanna White mwezi Mei 1621, ilifungishwa mbele ya mtawala wa kiraia, kwa kufuata desturi waliyoikuta Uholanzi. Tangu mwaka 1692 sheria ya Massachusetts iliwaruhusu wachungaji na mahakimu wa amani kwa pamoja, na hali hiyo ilidumu baada ya uhuru. Ndiyo maana tabibu aliyefungisha ndoa Massachusetts, New Hampshire au Maine (ambayo ilikuwa sehemu ya Massachusetts hadi mwaka 1820) kwa kawaida alikuwa hakimu wa amani.

Virginia ilikuwa na mambo mengine. Huko ndoa halali ilikuwa mikononi mwa kasisi wa Kanisa la Uingereza hadi sheria ya mwaka 1780 ilipowafungulia mlango wachungaji wa madhehebu mengine, kwa hiyo tabibu wa Virginia anayeonekana akifungisha ndoa mtafute kwanza kama mhubiri. Maryland nayo ilidai kiongozi wa dini. Katika North Carolina sheria ya mwaka 1741 ilimruhusu hakimu wa amani pale ambapo parokia haikuwa na kasisi, lakini kumbukumbu nyingi zilizobaki ni hati za dhamana za ndoa za kati ya 1741 na 1868, ambazo zinathibitisha nia ya kuoa bila kuthibitisha kwamba ndoa ilifungwa, na mara nyingi hazimtaji aliyeifungisha. Mdhamini aliyetia saini kando ya bwana harusi alikuwa mara nyingi ndugu wa bibi harusi, kwa hiyo usimpite bila kumwandika.

Hakimu wa amani hakuhitaji kuwa mwanasheria. Alikuwa mkazi mwenye heshima na mali kiasi, aliyesikiliza kesi ndogo, akaapisha mashahidi na kuthibitisha saini kwenye hati za ardhi. Tabibu alifaa sana kwa kazi hiyo: alijua kusoma na kuandika vizuri, alikuwa na farasi, na kila nyumba ilimjua. Herufi "Esq." katika New England ya wakati huo zilikuwa mara nyingi dalili ya cheo hiki, ingawa hazitoshi peke yake kuwa ushahidi. Ukiziona, nenda kwenye kumbukumbu za uteuzi. Kwa Massachusetts, katiba ya mwaka 1780 iliweka kikomo cha miaka saba kwa kila hati ya uhakimu, na kitabu cha kila mwaka kilichoitwa Massachusetts Register kiliorodhesha mahakimu wa kila kaunti. Ukipanga miaka hiyo mfululizo utapata kitu chenye thamani kubwa: mwaka jina lake lilipoingia, na mwaka lilipotoka kwa sababu ya kifo, kuhama au kutoteuliwa tena.

Mfano wa Josiah Bartlett

Nachukua mfano wa mtu anayejulikana, kwa kuwa maisha yake yanaonyesha karibu kila mtego utakaokutana nao. Josiah Bartlett alizaliwa Amesbury, Massachusetts, mwaka 1729, akajifunza utabibu kwa tabibu aliyeitwa Ordway katika mji huo huo, na mwaka 1750 akahamia Kingston, New Hampshire, mji mdogo wa mashambani. Baadaye aliteuliwa kuwa hakimu wa amani, akatia saini Azimio la Uhuru mwaka 1776, akawa jaji mkuu wa New Hampshire na kisha mkuu wa jimbo, na alifariki mwaka 1795.

Mtego wa kwanza ni mpaka. Amesbury na Kingston ni miji jirani, lakini iko katika makoloni mawili tofauti, na anayetafuta kumbukumbu za Bartlett katika New Hampshire peke yake hatawaona wazazi wake. Tabibu kijana alikwenda pale palipokosa tabibu, si mbali sana na kwao, kwa hiyo chora duara la kilomita 30 au 40 kuzunguka mji alikofanyia kazi na upekue miji yote iliyomo ndani yake bila kujali mipaka ya majimbo.

Mtego wa pili ni jina la mke. Mwaka 1754 Bartlett alimwoa Mary Bartlett wa Newton, New Hampshire, binamu yake. Anayeona jina hilo hudhani karani alikosea akamwandikia bibi harusi jina la mume, kumbe lilikuwa jina la baba yake. Usisahihishe kumbukumbu kabla ya kupata ushahidi wa kufanya hivyo.

Mtego wa tatu ni watoto. Josiah na Mary walizaa watoto 12, na 8 kati yao ndio waliofikia utu uzima. Mmoja aliyeitwa Josiah alifariki akiwa mchanga, na mvulana aliyezaliwa mwaka 1768 akapewa jina hilo hilo. Desturi ya kumpa mtoto jina la ndugu yake aliyefariki ilienea sana, na ukichanganya tarehe ya ubatizo wa wa kwanza na ndoa ya wa pili utamfanya mtu aoe akiwa na umri usio wake. Kingston penyewe ndipo ugonjwa mkali wa koo uliowaua watoto wengi wa New England ulipoanzia mwaka 1735, na Bartlett alipata sifa kwa kutibu ugonjwa wa namna hiyo kwa magome ya Peru, yale yale yanayotoa kwinini tunayoifahamu kwa sababu ya malaria. Ukiona familia imepoteza watoto wanne ndani ya mwezi mmoja, usidhani karani amekosea. Soma historia ya magonjwa ya mwaka huo.

Mtego wa nne ni cheo chenyewe. Mwaka 1775 Gavana John Wentworth, aliyekuwa upande wa mfalme, alimvua Bartlett uhakimu wake kwa sababu ya siasa. Vita vya uhuru vilikatiza vyeo vingi namna hiyo, na hati zilizofuata zilitolewa na serikali mpya. Saini ya tabibu wako ikitoweka kwenye ndoa na hati za ardhi kati ya 1774 na 1777, usikimbilie kuhitimisha kwamba alifariki au alihama.

Mtego wa tano ndio unaowaangusha wengi: majina kufanana. Kulikuwa na Dr. Josiah Bartlett mwingine wa Charlestown, Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1759 na kufariki mwaka 1820, na mwanawe, naye Dr. Josiah Bartlett, alikuwa tabibu wa Concord, Massachusetts. Ukimhesabu na Josiah mwana wa Bartlett wa Kingston, hao ni matabibu wanne wa jina moja, ndani ya eneo ambalo mtu angelivuka kwa farasi kwa siku chache! Jina "Junior" nalo halikumaanisha mtoto wa fulani kila mara; liliweza kumtofautisha kijana na mzee wa jina hilo hilo katika mji mmoja, hata kama walikuwa mtu na ami yake au hawakuwa na udugu wowote, na mzee alipofariki kijana aliweza kuliacha. Njia ya kuwatenganisha ni kuandika kwa kila kumbukumbu mji, mwaka, cheo na jina la mke, na kukataa kuunganisha kumbukumbu mbili zinazolingana kwa jina tu.

Tafuta orodha ya ndoa katika umbo lake la kwanza

Mahakimu na wachungaji walipaswa kupeleka taarifa ya ndoa walizofungisha kwa karani, na mara nyingi waliipeleka kama orodha moja yenye jina lao chini. Orodha hiyo ni hazina. Inaonyesha tabibu aliishi wapi mwaka ule, watu gani walimwendea, na mara nyingine mfululizo wa ndoa za ndugu wa ukoo mmoja.

Hapa pana jambo ambalo watafiti wengi hawaelezwi. Kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo za miji ya Massachusetts hadi mwaka 1850 zilichapishwa vitabuni, zaidi mwanzoni mwa karne ya 20, na majina yake yakapangwa kwa alfabeti. Mpangilio huo unarahisisha kumpata bwana harusi, lakini unaivunja orodha ya hakimu vipande vipande, na kwa kawaida jina la aliyefungisha ndoa limeachwa. Anayetafiti wanandoa hataumia sana. Wewe unayemtafiti mfungishaji utakuwa umefungiwa mlango. Kwa hiyo tumia kitabu kilichochapishwa kama faharasa tu, kisha ukaangalie picha za daftari la asili la karani wa mji, ambazo nyingi zinapatikana bila malipo katika tovuti ya FamilySearch. Mkusanyo wa Barbour wa kumbukumbu za miji ya Connecticut nao ni nakala zilizopangwa upya, kwa hiyo utumie kwa tahadhari ile ile.

Katika daftari la asili utaona tarehe za aina mbili. Ya kwanza ni ya tangazo la nia ya kuoana, ambalo lilitolewa hadharani kabla ya ndoa, na mara nyingi katika miji ya wote wawili; vitabu vilivyochapishwa huiwekea alama "int." (kifupi cha intention, yaani nia). Ya pili ni ya ndoa yenyewe. Tangazo bila ndoa linaweza kumaanisha kwamba uchumba ulivunjika, au kwamba ndoa ilifungwa katika mji mwingine, au kwamba hakimu hakupeleka orodha yake. Shajara ya mkunga Martha Ballard wa Hallowell, Maine, aliyoiandika tangu 1785 hadi 1812, inaonyesha pia kwamba wanandoa waliweza kukaa kwa wazazi wiki kadhaa baada ya ndoa kabla ya kuanza nyumba yao. Kwa hiyo mahali walipofungishwa ndoa, mara nyingi nyumbani kwa bibi harusi, si lazima pawe mahali walipoishi.

Kumbuka kwamba tabibu hakuweza kujifungisha ndoa yake mwenyewe. Ya kwake itakuwa katika orodha ya mchungaji au hakimu mwingine, pengine katika mji wa mkewe. Za binti zake, hata hivyo, zinaweza kuwa katika orodha yake, na mimi huanzia hapo kila mara: natafuta katika orodha ya hakimu wanawake wote wenye jina lake la ukoo.

Tarehe za kabla ya mwaka 1752 zinahitaji uangalifu wa pekee. Hadi wakati huo makoloni ya Uingereza yalifuata kalenda ya Julian, na mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Tarehe iliyoandikwa "Februari 1731/2" iko katika mwaka tunaouita 1732. Iandike kama ilivyo, na maelezo yako yaweke pembeni.

Daftari la wagonjwa

Kumbukumbu ya udaktari yenye faida kubwa kuliko zote, ikiwa imebaki, ni daftari la hesabu. Tabibu aliandika kila ziara, dawa aliyotoa na deni, kwa pauni, shilingi na peni, ambapo pauni ilikuwa shilingi 20 na shilingi ilikuwa peni 12. Wakulima wengi hawakuwa na fedha taslimu, kwa hiyo upande wa pili wa ukurasa unaonyesha walivyolipa: mahindi, ngano nyeusi, kuni, nyama, siku za kazi shambani. Mstari kama "kumtembelea mkeo" au "dawa ya mtoto" unaweza kuwa ushahidi pekee kwamba mke alikuwa hai mwaka fulani au kwamba mtoto asiyeonekana kwingine alizaliwa. Akaunti iliyohama ghafla kutoka jina la mume hadi jina la mjane inakupa kadirio zuri la kifo.

Liweke daftari hilo kando ya orodha ya ndoa na ulinganishe majina. Mara nyingi utaona kwamba tabibu alifungisha ndoa za watu wale wale aliowatibu, na ada ya ndoa iliweza kuingia katika hesabu moja na dawa. Daftari lilikuwa mali yake binafsi, si ya ofisi, kwa hiyo lilibaki kwa wanawe. Wana watatu wa Bartlett, Levi, Josiah na Ezra, wote walikuwa matabibu. Katika ukoo kama huo fuata mtoto aliyerithi kazi, maana huenda ndiye aliyerithi vitabu. Hifadhi za kuulizia ni jumuiya ya historia ya jimbo, American Antiquarian Society ya Worcester iliyoanzishwa mwaka 1812, na New England Historic Genealogical Society ya Boston iliyoanzishwa mwaka 1845. Unapoandika kuomba msaada, taja mji, miaka na vyeo vyote viwili, kwa sababu karatasi zake zinaweza kuwa zimeorodheshwa chini ya uhakimu na si chini ya utabibu.

Daftari hilo hilo linaweza kuwa na watu ambao kumbukumbu nyingine ziliwanyima majina. Sensa ya kwanza ya mwaka 1790 ilitaja wakuu wa kaya tu, na watumwa walihesabiwa kwa idadi, lakini tabibu aliyeitwa kumtibu mtumwa aliweza kumwandika kwa jina lake katika akaunti ya bwana wake. Ukikuta jina la namna hiyo, lihifadhi kwa uangalifu ule ule unaoutumia kwa jina la gavana, kwa sababu kwa wazao wa mtu huyo huenda hakuna karatasi nyingine. Massachusetts ilipitisha mwaka 1786 sheria iliyobatilisha ndoa kati ya Wazungu na watu weusi au Wahindi Wekundu, na haikuifuta hadi mwaka 1843. Ukosefu wa ndoa ya wapenzi wa namna hiyo katika orodha ya hakimu hauthibitishi kwamba hawakuishi kama mume na mke.

Mirathi, ardhi na makaburi

Wosia na orodha ya mali ya marehemu viko katika mahakama ya mirathi ya kaunti. Soma orodha yote hadi mwisho. Kinu cha kusagia dawa, mikoba ya tandiko, vyombo vya kutolea damu na vitabu vya tiba vitathibitisha kwamba marehemu ndiye tabibu unayemtafuta, na orodha ya wadaiwa itakuonyesha upana wa eneo lake la kazi. Mjane kwa kawaida alikuwa na haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi maisha yake yote, kwa hiyo mgawanyo wa mwisho unaweza kuonekana miaka 20 baada ya kifo cha mume, na hapo ndipo majina ya waume wa binti hujitokeza. Neno "brother" katika wosia laweza kuwa shemeji au ndugu wa kanisani, na "cousin" laweza kuwa mpwa.

Sensa itakusaidia kidogo kabla ya mwaka 1850, ulipoanza utaratibu wa kuwataja kwa majina watu huru wote wa kaya. Uhusiano wao na mkuu wa kaya haukuandikwa hadi mwaka 1880. Jiwe la kaburi linasema mengi, lakini kumbuka kwamba liliweza kuwekwa miaka mingi baada ya mazishi. Bartlett amezikwa Kingston, katika makaburi ya Plains.

Tabibu wako akiwa mchungaji, njia inageuka kidogo. Manasseh Cutler, aliyehitimu Yale mwaka 1765 na kuwekwa wakfu mwaka 1771 katika kitongoji cha Ipswich ambacho leo ni mji wa Hamilton, Massachusetts, alijifunza utabibu akiwa mchungaji na akawatibu waumini wake. Kwa mtu wa aina hiyo, ndoa na ubatizo vimo katika daftari la kanisa, ambalo huenda liko bado kanisani au limehamishiwa katika maktaba ya dhehebu. Cutler pia alishiriki katika kampuni iliyofungua ardhi ya Ohio, na mwanawe Ephraim alihamia huko mwaka 1795. Watoto wa matabibu wa New England walitawanyika hivyo hivyo kuelekea Vermont, New York na Ohio, na anayepotea katika mji wa baba yake mtafute katika hati za ardhi: mrithi aliyehama aliuza fungu lake, na hati ya mauzo ilitaja mji aliokuwa akiishi siku alipotia saini. Chini ya hati hiyo patakuwa na jina la hakimu wa amani wa huko ugenini aliyethibitisha saini. Liandike nalo, kisha utafute orodha yake ya ndoa.